Masika Hayafungi Njia

Mwanzoni mwa mwaka, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri wa mvua za masika, na simu za ukoo wetu huanza kulia. Dada yangu mkubwa anauliza kama ile safari ya Pasaka bado ipo. Shemeji, aliyeendesha malori ya mizigo nusu ya maisha yake, anasema tusubiri Juni. Wakala wa safari niliyempigia mwaka mmojawapo alinijibu kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Dada yangu, Aprili hapana. Mvua hiyo. Njoo Juni tutakupangia vizuri."

Subiri Juni. Nimeyasikia maneno hayo tangu nikiwa binti, na kwa miaka mingi niliyatii. Yamekuwa kama sheria isiyoandikwa: masika yakianza, mwenye akili hubaki nyumbani, na anayesafiri ni mwenye msiba au mwenye kesi mahakamani. Sikubaliani tena nayo. Yanawanyima watoto wetu kuiona nchi yao, yanawanyima vibarua wa pwani riziki ya miezi miwili kila mwaka, na hata ile hatari yanayodai kutuepusha nayo hayatuepushi.

Kwanza tuulize: huu unaoitwa msimu wa juu ni wa juu kwa nani? Julai na Agosti shule za Ulaya zimefungwa, na wazazi wa kule wana likizo. Desemba na Januari kwao ni baridi na giza, jua linazama saa kumi jioni. Mtu wa Stockholm aliyeweka akiba mwaka mzima ili aote jua siku kumi ana haki ya kunung'unika wingu likimfichia. Simlaumu hata kidogo. Lakini mimi naishi Dodoma. Kuanzia Mei mpaka Novemba sioni tone. Vumbi linaingia mpaka kwenye sahani. Jua ninalo la kumgawia jirani, kwa nini nilifungie safari? Ninachokikosa mimi, na anachokikosa mtu wa Shinyanga na Singida, ni ukijani, ukungu, mto uliojaa kingo kwa kingo, harufu ya udongo uliolowa. Kalenda ya utalii ilipangwa kwa kufuata kiu ya mtu mwingine, nasi tumeipokea kana kwamba ilishushwa pamoja na mvua yenyewe.

Tena tazama sikukuu zetu. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume. Tarehe 26 ni Muungano. Siku tano baadaye ni Mei Mosi. Pasaka huangukia Machi mwishoni au Aprili, na shule nyingi hupumzika kidogo katika majira hayo hayo. Mfanyakazi wa kawaida wa Tanzania, mwenye siku zake chache za likizo na watoto wa kusomesha, hapati katika mwaka mwanya mzuri wa kutoka na familia kama huu. Ukimwambia asubiri Juni, kwa hakika umemwambia asiende. Juni inafika na ada, Julai inafika na harusi ya binamu, na Desemba kila mtu anakwenda kwao. Ndiyo maana wapo watu wa Dar es Salaam wenye miaka hamsini ambao hawajawahi kuuona Mto Ruaha.

Wazee wa pwani hawakuwa na misimu miwili ya juu na chini. Walikuwa na kiangazi, masika, kipupwe, demani na vuli, na kati ya masika na vuli mvua ndogo za mchoo. Walijua kaskazi inapokoma na kusi inapoanza, na baina yake tangambili, siku ambazo upepo haueleweki na nahodha hukaa akitazama mawingu. Neno lenyewe msimu tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilibeba maana ya majira yajulikanayo, yakiwemo majira ya pepo za kusafiria. Kusi inayoleta masika ndiyo iliyokuwa ikirudisha majahazi Uarabuni na Ghuba. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kwenye tope na mbu, kisha likarudi kwao na kusi. Biashara iliyojenga Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa ilipangwa na watu waliojua kusoma mabadiliko ya majira. Kwao mawingu ya Machi yalikuwa habari ya kupangia safari. Sisi, wenye satelaiti na simu mfukoni, tukiyaona tunafunga mlango.

Kosa la pili la wasemao "subiri Juni" ni kulichukua neno masika na kuifunika nchi nzima kama turubai. TMA hawafanyi hivyo. Masika ya Machi hadi Mei wanayatabiri kwa maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka: pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu kaskazini mashariki, ukanda wa Ziwa Victoria. Mikoa ya kati, magharibi na kusini ina mvua zake, wanazoziita mvua za Msimu, zinazoanza Novemba na kuishia Aprili. Kwa hiyo siku ambayo Paje, kule Unguja, inapigwa na mvua ya kutisha, Dodoma mahindi yanakauka shambani yakisubiri kuvunwa, vilima bado vya kijani, na anga limeoshwa. Anayetaka kuona michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, hana wakati mzuri kuliko mwanzo wa Mei, mvua ikishaaga na vumbi halijaamka. Lakini mwulize wakala. Atakwambia Mei ni masika.

Na hata mahali palipo na masika kweli, mvua haifanani. Pwani, kwa niliyoyaona, mara nyingi hupiga usiku wa manane na alfajiri, na saa nne asubuhi jua limetoka mpaka unatafuta kivuli. Milimani hungoja mchana upite, ikaanza saa nane au saa tisa. Mwenye kujua hilo anapanga siku yake na anaipata. Asiyejua atalowa hata kama amekuja Agosti, maana mchoo haumwombi mtu ruhusa.

Sasa hoja iliyo nzito. Wananiambia: masika yanaua. Hili silijibu kwa wepesi, kwa sababu watu wamekufa kweli. Aprili 2024 Rufiji ilifurika, nyumba na mashamba yakazama. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka huo, Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kuzoa watu. Tarehe 4 Mei Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, abiria wakalala njiani. Hayo yote yalitokea katika miezi ninayoitetea. Nayajua.

Lakini tazameni pia tarehe nyingine. Tope lililoteremka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya mji wa Katesh, likaua zaidi ya watu 80, liliteremka tarehe 3 Desemba 2023. Desemba, mwezi ambao nusu ya Dar es Salaam inapanda mabasi kwenda Moshi, Arusha na Manyara kwa Krismasi, na hakuna shemeji anayempigia mtu simu kumwambia asubiri, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwa kali kuliko masika. Mvua kubwa za El Nino zilizovunja madaraja mwaka 1997 zilianza wakati wa vuli pia. Mv Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Mv Skagit ilipinduka karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012 katika upepo mkali. Septemba na Julai, msimu wa juu, miezi iliyopendekezwa. Kusi huwa na nguvu zaidi Juni hadi Agosti, na mvuvi yeyote wa Nungwi anajua kwamba bahari ya Julai ni ngumu kuliko ya Aprili mchana. Aliyeahirisha safari ya Aprili akaenda Julai kwa ajili ya usalama wa baharini ameikimbia hatari kwa kwenda ilipo.

Na kuna jambo lingine ambalo tunalipita haraka. Wengi wa waliokufa Katesh na Mai Mahiu hawakuwa wasafiri. Walikuwa majumbani mwao, wengine usingizini. Ushauri wa kubaki nyumbani usingewasaidia. Kilichowaua ni mahali maji yalipopita: bonde, mkondo wa zamani, mguu wa mlima. Basi swali la msafiri liwe hilo hilo: nitalala wapi, maji hupita wapi, njia yangu inavuka mito mingapi? Kuuliza "ni mwezi gani?" ni kuuliza swali lisilo na jibu ndani yake.

Nilijifunza hivyo kwa dereva mmoja wa Noah pale Chimala, mkoani Mbeya. Pasaka ile iliangukia mwishoni mwa Machi. Niliamua, baada ya miaka ya kusubiri Juni, kuwapeleka wanangu wawili Kitulo. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 2005, iko juu kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ilianzishwa kwa ajili ya maua. Ina aina zipatazo 45 za okidi ambazo mizizi yake ilikuwa ikichimbwa na kuvushwa Zambia, kunakopikwa chakula kiitwacho chikanda, mpaka ikaonekana zitakwisha. Maua yale huchanua mvua inaponyesha, Desemba mpaka Aprili. Fikirieni hilo vizuri. Anayefuata ushauri wa Juni atafika Kitulo akute nyasi za kahawia na baridi ya kukata mifupa. Ataona ghala lililofungwa.

Tulifika Chimala saa tisa mchana, wingu limekaa juu ya safu ya milima kama kofia. Nilitaka tupande siku ile ile, nilishalipia chumba kule juu, Matamba. Dereva, mzee wa miaka sitini na kitu, alitazama juu, akanitazama, akasema: "Mama, leo hatupandi. Kupanda gari litapanda. Kazi ni kona za juu giza likitukuta na utelezi. Tulale hapa, kesho saa kumi na mbili tuondoke, kama usiku haikupiga sana." Nikamwambia nitapoteza pesa ya chumba. Akajibu: "Chumba utalipa tena, mama."

Tukalala gesti. Usiku mvua ikapiga, ikakoma kama saa tisa. Asubuhi mzee alikuwa ameshapiga simu kwa mwenzake wa Matamba kuuliza hali ya njia, na saa kumi na mbili na nusu tukaanza kupanda zile kona ambazo watu wa pale wanasema ni hamsini na saba. Juu tukapita mashamba ya viazi na pareto, ukungu ukifunguka na kufunga. Tulipofika uwandani ukafunguka kabisa. Sina maneno ya kutosha kwa nilichokiona. Njano, zambarau, nyeupe, chungwa, mpaka macho yanapofika, na matone ya mvua bado yamekaa juu ya kila ua. Mwanangu mdogo, aliyekuwa na miaka tisa, alitembea akihesabu aina, alipofika ishirini na moja akaacha, akaniuliza kwa nini hawajawahi kufundishwa shuleni kwamba kuna mahali kama hapa. Sikuwa na jibu. Saa nane mchana mvua ilipoanza tulikuwa tumekwisha kushuka.

Mzee yule hakuwa na hofu ya masika wala ujuba. Alijua kona zake, saa zake na mtu wa kumpigia simu. Siku moja niliyoipoteza Chimala ndiyo iliyonunua usalama wa safari nzima, na ingekuwa kwenye mpango wangu tangu mwanzo kama ningekuwa na akili yake.

Nirudi pwani, maana huko ushauri wa "subiri Juni" unaumiza watu wenye majina na watoto. Nenda Paje, Jambiani au Nungwi katikati ya Aprili. Hoteli nyingi zimefunga, milango imezungushiwa makuti, na wapishi, wahudumu na watunza bustani wamerudishwa makwao, wengi bila mshahara, wakaambiwa Juni waje waone kama nafasi ipo. Muuza madafu hana wa kumuuzia. Mwenye ngalawa ameipindua ufukweni. Wenye hoteli wanasema wanafunga kwa sababu wageni hawaji. Wageni wanasema hawaji kwa sababu hoteli zimefungwa. Nani avunje mduara huu? Mgeni wa Stockholm hatauvunja. Ni sisi, tulioko Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Mombasa na Nairobi, tulio na sikukuu zetu katika miezi hiyo hiyo, tunaofika Unguja kwa boti bila tiketi ya ndege ya mabara mawili. Chumba ambacho Agosti hatukiwezi, Aprili bei yake huteremka mpaka mwalimu anaweza kukilala na familia yake. Hata baadhi ya mbuga za TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, hupunguza kiingilio cha wageni wa nje katika kipindi cha katikati ya Machi hadi katikati ya Mei. Soko limetufungulia mlango, na sisi tunasimama nje tukisema mvua.

Mtu aliniambia: uende Unguja ukae chumbani utazame mvua? Nilikwenda, siku nne, wiki ya Muungano. Mvua ilinyesha kila siku, na kila siku nilipata saa tano au sita za jua. Mji Mkongwe asubuhi baada ya mvua una vichochoro vilivyooshwa na watu wenye nafasi ya kuzungumza. Mpishi niliyemkuta peke yake jikoni alinionyesha anavyochanganya pilau yake, jambo ambalo Agosti asingepata hata dakika mbili. Bahari haikuwa na rangi ya kwenye picha. Sikwenda kupiga picha.

Sisemi kila mahali paendwe. Kupanda Kilimanjaro Aprili ni kujitesa, na wapagazi watateseka kuliko wewe. Kambi nyingi za Hifadhi ya Nyerere hufungwa kwa sababu njia zake za udongo mweusi hazipitiki, na hapo anayefunga ana haki. Kwenda Mafia kwa mashua ndogo katika siku za upepo ni kucheza na roho. Reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe, inayofuata Mto Mkondoa, imezolewa na maji mara nyingi tangu zamani, na anayepanga kusafiri kwa treni ya njia hiyo Aprili lazima awe na njia ya pili. Huko ndiko kupanga: kujua kipande kibaya kiko wapi na kukikwepa.

Watu wengi huanza na hoteli. Masika anza na kilomita kumi za mwisho. Ni lami, ni changarawe, au ni udongo wa kunata? Mpigie anayekaa kule, siyo anayeuza tiketi. Acha siku moja tupu kwenda na moja kurudi, na usiweke miadi ya kazini asubuhi ya pili yake. Safiri asubuhi. Kabla ya kulipa chumba, patana kwa maandishi mtafanya nini njia ikifungwa, maana katika miezi hii mwenye chumba anakuhitaji, na atakubali kuhamisha tarehe. Soma utabiri wa TMA wa siku tano kila jioni na ujue ngazi zao: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Hidaya ilitangazwa siku kadhaa kabla haijafika. Likitoka tangazo kama lile, rudi nyumbani bila aibu. Beba chandarua chako, kunywa maji yaliyochemshwa. Na maji yakipita juu ya barabara, hata yakifika kifundo cha mguu tu, hata dereva akisema anaijua njia na abiria wote wakimshangilia, shuka kwenye gari hilo. Hapo sina mjadala na mtu.

Anayesafiri Agosti hafanyi hata nusu ya haya. Anaamini mwezi utamlinda. Ndiyo maana nasema aliyejipanga kwa masika yuko salama kuliko aliyejiamini kwa kiangazi, na nitaendelea kusema hivyo mbele ya shemeji yangu na mbele ya wakala yeyote.

Kwenu wenye hoteli za pwani: msifunge zote. Acheni hata vyumba vinne na mpishi mmoja, muweke bei ya mwananchi, muitangaze kwa Kiswahili kuanzia Februari. Kwako msomaji mwenye familia: tarehe 26 Aprili mwakani ni sikukuu. Chagua mahali sasa, uliza njia, weka siku ya akiba, uwanunulie watoto mabuti ya mvua.